Kadi Iliyorudi Peke Yake

Kaka yangu Elia,

Ninakuandikia nikiwa studio, saa nne asubuhi. Foleni ya malori imesimama nje tangu jana na vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Barua hii naiacha wazi, asomaye asome. Hapa Tunduma na huko Mbozi wapo wengi ambao mtu wao alivuka mpaka akanyamaza kimya, na huenda mmoja wao akaisoma akaamka kwenda kuuliza upya.

Nianze na kadi, maana wewe kila jambo ulikuwa unalianzia kwenye kifaa.

Unakumbuka ulivyokuja kunichukua Isansa twende Tunduma kuchagua kadi ya grafiksi? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi zaidi ya kumsaidia mama kuchuma kahawa. Wewe ulikuwa na kibanda chako Mlowo, unasafisha picha na kuuza nyimbo kwenye flashi. Kompyuta ulikuwa umeiunga mwenyewe, kipande baada ya kipande, juu ya meza ambayo mama alikuachia alipohamishia cherehani yake barazani. Ilikuwa imebaki kadi tu.

"Bila kadi," uliniambia njiani, "kompyuta ni mtu mwenye akili lakini macho hana. Video ya harusi ataipika siku mbili, na bado ataiunguza."

Tulikuta vifaa vimemwagwa juu ya turubai kama viazi. Mimi niliing'ang'ania ile yenye feni tatu na taa nyekundu. Ulinicheka mpaka mwenye mali akacheka.

"Hiyo italeta njaa, Sekela. Umeme wote wa kile kisanduku chetu itaunywa yenyewe, kompyuta izime katikati ya kazi. Mtu ananunua kadi kwa umeme alio nao, hanunui kwa macho."

Ukapima moja moja kwa shubiri, kwa sababu kasha letu lilikuwa dogo. Ukanipa ninuse. Inayonuka kama mahindi yaliyoungulia chunguni nirudishe, hiyo imechoka. Na jina la kwenye stika ulinikataza kuliamini. Ulisema wapo mafundi wanaobadilisha jina la kadi mpaka ndani kabisa, kompyuta ikiiuliza wewe nani, yenyewe inajibu jina la mwenzake bila aibu. Sikujua kadi zinaweza kusema uongo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani uongo ni wa watu.

Tuliondoka na kadi ndogo ya giga mbili, feni moja, bawa moja la feni limepasuka. Kwa ajili ya bawa hilo tulipunguziwa. Nyumbani ukaligundisha, na tangu hapo ikawa kila ikizunguka inalia: tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha huku akisubiri ajibiwe. Ulipoifungua kuisafisha ukapoteza skrubu moja kati ya nne za mgongoni. Ukaenda barazani ukachomoa skrubu ya cherehani ya mama, nyeusi, kichwa cha mviringo, ukaiingiza kwa nguvu. Halafu ukaiba rangi yangu ya kucha, ile ya zambarau yenye vimetameta, ukadondosha tone juu ya kila skrubu.

"Akiifungua mtu mwingine nitajua," ulisema.

Nilikununia siku mbili kwa ajili ya ile chupa. Mama alikununia wiki nzima kwa ajili ya skrubu.

Miaka miwili tulifanya kazi pamoja Mlowo. Ulinifundisha kukata na kuunga, kuiacha sauti ya kwaya iingie kabla picha ya bwana harusi haijatokea. Nilipokosea hukunifokea. Ulikuwa unasema tu, "Rudia, lakini safari hii tazama," na unatoka nje kununua karanga ili nirudie bila kuonwa.

Kisha likaja lile la kuvuka. Mtu fulani alikuwa amekwambia kwamba upande wa pili kuna duka linalotaka fundi wa video, kompyuta ipo ila kadi haina. Ulirudi nyumbani ukaanza kufungua kasha mbele ya macho yangu. Ukaichomoa kadi, ukaiviringisha kwenye foronya.

"Na mimi?" nikakuuliza. "Nina harusi mbili za Jumamosi. Unaniachia kompyuta kipofu?"

"Wiki sita tu, Sekela. Nitarudi na hela ya kununua mbili."

Hapo ndipo niliposema. Nimeyarudia maneno haya kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilisema, "Basi irudi kadi. Wewe usiporudi shauri yako."

Ulicheka. Ukasema, "Haya, bosi." Ukabeba begi ukashuka njia ya migomba, na mimi sikukusindikiza mpaka barabarani. Nilikaa ndani nikalitazama kasha lililo wazi na nafasi ile nyembamba ilikokuwa kadi.

Ulipiga simu mara nne kwa namba za kuazima, maana laini yako ya kwetu haikushika huko. Ulisema umepata chumba, kazi ipo, watu ni wazuri. Wiki ya saba hukupiga. Namba zile tulipozipigia, moja haikupatikana na nyingine aliipokea mwanamume asiyekujua. Baba mdogo Noa alivuka mara mbili kukuulizia. Alizunguka sokoni Nakonde, upande wa Zambia, kwenye vibanda vya simu, kituo cha polisi, hospitali, kila mahali akimtaja Elia, kijana mrefu, Mtanzania. Hakuna aliyemjua Elia.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe hulijui, kwa sababu lilitokea ukiwa umeshanyamaza.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule wa Isansa unaoufahamu, wa kutoona mbuni ulio hatua tatu mbele yako. Mama alikuwa barazani anashona sare ya shule. Akatokea jirani yetu mama Tumaini, anatokea Mlowo, kanga imelowa umande. Hakukaa. Alisimama pale ngazini akawa anamtazama mama kwa namna ambayo iliniondoa jikoni.

"Mama Elia," akasema, "sijui nikuambieje. Kuna utingo wa lori ameacha ujumbe stendi. Anasema watu wa Isansa waambiwe, Yoramu amefariki. Amekwisha kuzikwa. Ndugu zake wajue."

Cherehani ikanyamaza.

"Yoramu yupi?" mama akauliza.

"Yoramu wa Isansa. Ndivyo alivyosema. Nimemuuliza wapi, lori likawa linaondoka. Mwenyewe kaambiwa tu na mwenzake."

Isansa nzima Yoramu alikuwa mmoja, Elia. Baba yetu. Naye tulimzika sisi wenyewe ukiwa na miaka kumi na minne, nyuma ya nyumba, upande wa kahawa.

"Mume wangu," mama akasema polepole, "afe mara ngapi?"

Aliinuka akaingia kwenye ukungu. Nilimfuata kwa kusikiliza kandambili zake, maana kumwona sikumwona. Nilimkuta amepiga magoti kwenye kaburi la baba, anapapasa udongo kwa viganja vyote viwili, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Alikuwa anaangalia kama umefukuliwa. Sijawahi kuona kitu cha kuniogopesha kama mikono ile ikitembea juu ya udongo katika weupe ule. Alipomaliza akapiga hesabu ya mawe ya pembezoni kwa kuyagusa, akaniambia twende ndani.

Wazee wa kanisa walikuja, wakaomba. Baba mdogo Noa akasema ni mzaha wa mtu mbaya, au ni jambo lisilotamkika, na kwamba tukilizungumza tutaliita. Tukakubaliana lisizungumzwe tena. Tulikuwa watu watatu mezani siku ile, na kila mmoja wetu alijua jina lako la pili ni nani. Hakuna aliyefikiri. Mimi nilikuwa nimeandika jina lako lote, Elia Yoramu, kwenye fomu na risiti mara mia. Sikufikiri.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Nikahamia Tunduma, nikakodi chumba hiki karibu na stendi, nikaanza studio yangu. Harusi, vipaimara, na misiba pia, siku hizi watu wanataka msiba nao urekodiwe. Kompyuta niliyonunua ilikuwa mtumba wa ofisi, imara, lakini kila nikiipa video ya saa mbili inaganda. Mwaka huu nikasema sasa natafuta kadi. Mpya sikuiweza, kwa hiyo nikaanza kuzunguka kwa wauza vilivyotumika, nikiwa na urefu wa kasha langu nimeupima kwa kamba, na nimeandika kwenye kiganja idadi ya wati za kisanduku cha umeme. Kadi zenye kuhitaji waya wa ziada nilizipita, kompyuta yangu haina waya huo. Niliuziwa moja inayojiita giga nne. Nilipoipa kazi nzito ikajaza skrini mistari ya kijani, na fundi akaniambia ndani ni giga moja, imebadilishwa jina. Nikairudisha. Nilikuwa nakukumbuka kila hatua, lakini kwa namna ya kawaida, kama mtu anavyomkumbuka mwalimu wake.

Alhamisi moja mchana nikaenda kwa Bana Chanda. Ni mama wa Kizambia, ana meza yake upande wetu, anavusha vifaa vya kompyuta kutoka Nakonde. Hana maneno mengi, lakini kila anachouza anakuwashia kwanza, na ndiyo maana nilimwendea.

"Mwaiseni, bamayo," akanikaribisha kwa lugha yao, ananiita mama. "Chagua. Nitakuwashia."

Nikachagua tatu zinazoingia kwenye kipimo changu. Nikazinusa, naye akatabasamu. Ya kwanza ikawaka vizuri, giga nne za kweli, feni mbili zisizo na kelele. Ya pili ikakataa. Nikawa nimeinama natoa hela kwenye mkoba wakati anachomeka ya tatu.

Nikasikia tik, tik, tik.

Elia, sikuinua kichwa. Malori yalikuwa yananguruma, mtu anatangaza sabuni kwa kipaza sauti, jua limesimama utosini. Na katikati ya hayo yote kile kidole kikawa kinagonga meza. Nilikaa nimeinama hivyo hivyo mpaka Bana Chanda akasema, "Bamayo, umepoteza kitu?"

"Zima," nikamwambia. "Zima, nipe niione."

Ilikuwa ya moto mkononi. Niliigeuza. Mgongoni skrubu nne, kila moja na tone la zambarau. Vumbi lilikuwa limeingia, lakini nilipofuta kwa kidole vile vimetameta vikawaka. Tatu za fedha. Moja nyeusi, kichwa cha mviringo, kubwa kuliko wenzake.

Watu husema maneno huumba. Nilikuwa nimesema irudi kadi. Ilikuwa imerudi, nimeishika, na matone yote manne mazima. Hakuna aliyeifungua baada yako.

"Umeitoa wapi hii?"

"Ng'ambo. Kuna mama alikuwa na duka la picha, amefunga. Ameniuzia kompyuta nzima, nimeifungua mwenyewe."

"Mwenye kompyuta ni nani?"

Akafikiri. "Alikuwa na fundi wake. Ba Yoramu."

Nikamwambia arudie.

"Ba Yoramu. Mtanzania. Mimi sikumwona, nasikia tu, ile ni kompyuta ya Ba Yoramu. Kaa kwanza, mukwai, tafadhali."

Sikukaa. Nilimlipa, nikaiweka kadi kwenye mkoba, nikaomba anielekeze, nikaanza kutembea kuelekea mpakani. Na nitakuwa mkweli kwako: nilikuwa na furaha. Nilijiambia, kumbe yupo. Wazambia wamemwita kwa jina la baba yake, ndiyo sababu baba mdogo hakumpata, aliulizia Elia mahali pasipo na Elia. Yupo, amefungua maisha, amesahau nyumbani, nitamkuta nimpige makofi. Nilikuwa natembea haraka, karibu kukimbia, nikipenya kati ya malori.

Nikasimama. Nilikuwa nimefika kati ya vibao viwili, pale ambapo nyuma ni kwetu na mbele ni kwao. Kichwani nilikuwa nimemsikia tena mama Tumaini, sauti yake yote, kanga imelowa: *Yoramu amefariki. Amekwisha kuzikwa. Ndugu zake wajue.*

Dereva mmoja akanipigia honi. Sikusogea. Akashuka, kijana wa watu, akanishika kiwiko akaniweka pembeni kama unavyosogeza mzigo, akarudi kwenye lori lake. Nilikaa juu ya jiwe pale sijui muda gani. Kisha nikainuka, kwa sababu kukaa pale kulikuwa hakubadilishi kitu.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na mlango wa buluu na alama ya jina la duka lililofutwa ukutani. Mwanamke wa umri wa mama alikuwa anapepeta karanga nje. Anaitwa Ruti, ni mjane, kwao ni mbali huko Kasama, alikuja Nakonde kwa biashara akabaki. Kiswahili chake ni cha sokoni lakini kinatosha. Sikujua nianze wapi. Nikaitoa kadi kwenye mkoba nikaiweka juu ya ungo wake.

Aliitazama. Kisha akanitazama mimi, usoni, muda mrefu, kama anayelinganisha.

"Wewe ni ndugu yake," akasema.

"Mimi ni dada yake."

Akaweka mikono kichwani. "Miaka mitatu, bamayo! Miaka mitatu nimewangoja. Kompyuta nimeitunza chumbani, sikuruhusu mtu aguse. Mwaka huu mvua imeingia kwa paa, ndipo nikauza. Nimeuza wiki iliyopita, na leo umekuja!"

Akanieleza. Alikuwa amekupa kazi na chumba cha nyuma. Kwenye daftari la duka ulisaini E. Yoramu, wakakuita Ba Yoramu, kwa heshima ya kwao, nawe ukaitika. Ulikuwa unafanya kazi ukiimba kwa pua. Homa ilikupata wiki ya saba. Siku mbili ukasema ni uchovu, siku ya tatu akakupeleka hospitali kwa toroli la jirani, wakakutibu, lakini malaria ilikuwa imepanda kichwani. Siku ya tano ukaondoka. Simu yako ilikuwa na namba ya siri, ikafa na siri zake. Alijua neno moja tu la kwenu: Isansa. Basi akawa anakwenda kwenye foleni ya malori, kila gari linaloelekea Mbeya anamwambia utingo, waambie watu wa Isansa, Yoramu amefariki. Alikwenda siku kumi na moja.

"Hamkusikia?" akaniuliza.

Nikamwambia tulisikia.

Alinipeleka makaburini saa nane mchana, hakuna kivuli, hakuna upepo. Ni eneo la wazi lenye nyasi ndefu. Kanisa lake dogo ndilo lililokuzika, watu kama ishirini. Msalaba ulikuwa wa mbao, rangi nyeupe imebanduka, na herufi nyeusi: YORAMU, ISANSA.

Kaka, nimesimama mbele ya jina la baba yangu katika nchi ya watu. Nilijua baba yuko nyuma ya nyumba yetu, nimeyapalilia magugu yake kila Desemba. Na bado macho yalisoma jina lake, na moyo ukaanza kutafuta njia ya kuamini kwamba aliamka asubuhi ile ya ukungu, akatembea mpaka hapa, akalala mara ya pili, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kuliko ukweli. Nililiita jina lako kwa sauti, Elia. Nadhani mahali pale palikuwa hapajawahi kulisikia. Hakuna kilichojibu, lakini nyasi zilikuwa zimesimama kimya mno, kama watu chumbani mgeni anapoingia.

Kesho yake nikamrudia Bana Chanda nikanunua na ile ya feni mbili, ndiyo ninayofanyia kazi. Ungenicheka kama ningeweka giga mbili kwenye mashine ya kazi kwa sababu ya machozi. Yako niliichomeka mara moja tu, mchana, mlango nimeufunga kwa komeo. Nikaiacha izunguke tupu, nikaisikiliza mpaka umeme ukakatika. Ilipozima, ilimalizia midundo mitatu yenyewe, polepole, bila umeme. Najua ni feni tu inayopoa mwendo. Nilijua hata wakati ule. Nilitoka nje haraka na viatu nikavisahau.

Kwa mama nilikwenda Jumapili. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoka. Niliiweka kadi juu ya cherehani, mgongo juu. Alivaa miwani. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile nyeusi.

"Skrubu yangu," akasema.

Akakaa nayo mapajani. Nilimweleza yote, mpaka utingo, mpaka daftari, mpaka msalaba. Hakulia. Alisema tu, "Aliniletea habari mwanamke asiyenijua, mimi nikaenda kupapasa udongo wa mtu mwingine." Kisha akauliza ni lini tunakwenda.

Tulikwenda wiki iliyopita, mama, baba mdogo Noa na mimi. Ruti alikuwa amefagia mpaka njiani. Kaburini mama aliusoma msalaba, akakataza jina lisifutwe. Alisema baba yako amekulinda miaka mitatu kwa jina lake, liachwe hapo, la kwako liongezwe juu. Baba mdogo ndiye aliyeliandika, akakosea herufi ya pili akairudia. Halafu akaenda kando, akasimama ametugeuzia mgongo. Yeye ndiye aliyesema tusizungumze, na sijui atalibeba hilo vipi.

Tulirudi kwa Ruti kula. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amechoka. Akageuka akaniita, kama anavyoniita siku zote, "Sekela! Niletee maji."

Ruti alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini.

"Umemwitaje huyu?"

"Sekela," mama akasema. "Ndilo jina lake."

Ruti akakaa pale pale kwenye udongo. Kwa muda wote ule alikuwa ananiita bamayo, nami sikuwahi kumtajia jina langu.

"Siku ya mwisho," akasema, "aliongea sana. Lugha yenu, si Kiswahili. Maneno yale yale, anarudia, anarudia. Neno la kwanza lilikuwa hilo. Kwetu linakaribiana na kufurahi, basi mimi nikajua anafurahi, anaona mbingu. Nikawaambia kanisani, huyu kijana amekufa anafurahi. Kumbe ni mtu!"

"Mengine unayakumbuka?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeyatunza. Nilisema wakija ndugu zake nitawapa."

Akafumba macho, akayasema. Kinyiha chetu, kaka. Kutoka kwa mwanamke asiyejua hata neno moja la Kinyiha, kwa mwendo wako kabisa, ukipanda mwanzoni na kuburuza mwishoni, kama ulivyokuwa ukiita kutoka upande wa pili wa shamba. Baba mdogo aliinuka akashika nguzo. Mimi maji niliyokuwa nimebeba yalimwagika miguuni sikuyahisi. Wewe uliongea, Elia, mchana kweupe, katika nyumba ya mlango wa buluu, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena.

"Anasema nini?" Ruti akauliza. Miaka mitatu alikuwa amebeba mzigo wa watu bila kujua kilichomo.

Mama akamshika mkono. "Anamwambia mdogo wake awahi mbuzi," akasema. "Sekela, wahi mbuzi, mvua hiyo imefika mtoni. Basi." Na hapo ndipo alipolia, huku anacheka, huku anampigapiga Ruti kiganjani. "Hakuwa hapa, dada yangu. Umemuuguza, umemzika, Mungu akulipe, lakini yeye hakuwa hapa. Mwanangu amefia nyumbani."

Pumzika, kaka. Mbuzi nimewawahi.

Mdogo wako,
Sekela